Neno "Safari": Lilikotoka, Lilikokwenda na Hali Liliyorudi Nayo



Mtoto wa Kiswahili anayesoma katika shule za huku Ulaya akiulizwa na mwalimu wake neno "safari" lina maana gani, jawabu linalotarajiwa huwa moja tu: kupanda gari lililo wazi juu, kuvaa kofia pana, na kwenda kuwatazama simba na tembo. Akijibu kwamba safari ni kwenda Tanga kumwangalia bibi, au ni baba kupanda basi la usiku kwenda mji mwingine kutafuta kazi, huenda akaambiwa kwa upole kwamba hakufahamu swali. Kamusi za Kiingereza zimekwisha kuamua, na kwa mujibu wa kamusi hizo neno hilo ni la wanyama.

Lugha huazimana maneno, na mwenye kuazima huchukua sehemu anayoihitaji akaiacha iliyobaki. Hilo halina ubaya. Ubaya unakuja pale neno lililotoka kinywani mwa wazee wetu linapomrudia mtoto wetu kutoka shuleni likiwa limekatwa, naye akadhani kuwa hicho kipande ndicho neno zima. Mtoto huyo atasikia katika simu ya kutoka nyumbani kuwa mzee fulani "safari yake imefika", na hatajua kwamba watu wamekwisha kukaa matanga. Atamsikia shangazi yake akisema "safari hii hatukuvuna kitu", akajiuliza shangazi alikwenda wapi. Atasoma katika kitabu cha dini mlango wa sala ya msafiri, asione kwamba unamhusu yeye na wazazi wake kuliko anavyofikiri. Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya mwezi huu kulifuata neno hili tangu lilipoanzia.

Asili yake ni Kiarabu, nalo huandikwa kwa sin, fa na ra. Waarabu husema "safar", na maana yake ni mwendo wa kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Lakini wanavyuoni wa lugha wanapoitafuta maana ya mzizi wenyewe hawaanzi na njia wala na ngamia. Huanza na kufunua. Mwanamke aliyeacha uso wake wazi huitwa "safira". Asubuhi inapopambazuka husemwa kwamba "imesafiri" kwa maana ya kung'aa. Ndilo tendo lililotumika katika Sura ya Al-Muddaththir pale inapotajwa asubuhi, na katika Sura ya Abasa nyuso zenye kunawiri siku ya Kiyama zimesifiwa kwa neno la mzizi huo huo. Mjumbe anayekwenda baina ya watu wawili waliogombana, akauondoa uliokuwa umefichika baina yao, huitwa "safiri". Na mpaka leo wenzetu walioko Muscat au Dubai wakipanga foleni kutafuta viza hupanga mbele ya "sifara", yaani ubalozi. Hata kitabu huitwa "sifri", kwa kuwa hufunua yaliyomo.

Hapa pana jambo la kuwafurahisha wanafunzi wa madrasa. Wingi wa safari ni "asfari", na wingi wa sifri, kitabu, ni "asfari" vile vile. Katika Sura ya Sabaa watu wanaomba masafa ya "asfari" zao yarefushwe, na maana yake ni safari. Katika Sura ya Al-Jumua punda amebeba "asfari", na maana yake ni vitabu. Anayefasiri kwa haraka humbebesha punda safari!

Basi kwa nini kutembea masafa marefu kuitwe kufunua? Maelezo waliyoyapenda wanavyuoni ni kwamba safari huzifunua tabia za watu. Mtu nyumbani kwake ana jamaa, ana chakula kwa wakati wake, ana mlango wa kuufunga, njiani hana. Imepokewa kuwa mtu mmoja alikuja kumtolea mwenzake ushahidi wa uaminifu mbele ya Sayyidna Umar. Umar akamuuliza kama aliwahi kuwa jirani yake, kama aliwahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu, na kama aliwahi kusafiri naye. Yote matatu mtu yule akajibu hapana, na Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Wale waliowahi kushiriki chumba kimoja na wenzao wanne katika miezi ya kwanza ya ugenini hawahitaji kufafanuliwa zaidi maana ya hadithi hii.

Kabla ya kuondoka katika Kiarabu, tutoe tahadhari. Kiswahili kinapoandikwa kwa herufi za Kirumi, sin na swad huwa kitu kimoja, na maneno yasiyo na udugu wowote hukaa pamoja kama ndugu. Mwezi wa Safar, tunaouita Mfunguo Tano, ni wa swad. Hauhusiani na safari. "Sifuri" ni ya swad, na asili yake ni utupu. Neno hilo nalo lilizunguka dunia kwa njia yake likazaa majina ya nambari hiyo katika lugha nyingi za Ulaya. "Sufuria" ni ya swad pia, kutokana na jina la shaba, na "safura", ule ugonjwa unaompausha mtu, hutokana na jina la rangi ya manjano. Kwa hiyo sufuria na safura zina ukoo mmoja, na safari si wa ukoo huo. Wazee waliokuwa wakiandika barua kwa herufi za Kiarabu hawakuwa na haja ya kuambiwa haya, kwani macho yao yaliona tofauti.

Tuje sasa pwani. Neno lilipofika kwetu halikukuta watu wasiojua kwenda. Lugha za Kibantu zilikuwa na maneno yao, na mengi yanatokana na kitendo cha kwenda: Wanyamwezi husema "lugendo", Wanyarwanda na Warundi "urugendo", na sisi tuna "mwendo". Wagiriama husema "charo", na wengi wetu tunawajua watu wenye jina hilo. Kiswahili hakikuutupa mwendo. Kiliuacha ubakie na kazi ya kueleza kasi na masafa, kwa hivyo tukasema "mwendo wa siku tatu" na "mwendo wa kobe", kisha safari ikapewa kazi ya kueleza jambo zima: nia, matayarisho, mzigo, njia, na kurudi.

Nalo neno likavalishwa nguo za kienyeji. Waarabu hulimaliza kwa ra kavu, lakini Kiswahili hakipendi neno liishe bila ya irabu, na baada ya ra aghalabu hutia i. Khabar ikawa habari, khatar ikawa hatari, sukkar ikawa sukari, bahr ikawa bahari, fakhr ikawa fahari. Na safar ikawa safari. Ile i ya mwisho ni kama muhuri wa forodha, na msomaji auweke moyoni, maana tutauhitaji mbele. Baada ya muhuri huo zikaja sarufi zetu: kusafiri, kusafirisha, msafiri, usafiri, usafirishaji, msafara, na ile hati ya kusafiria ambayo kila mmoja wetu huku anajua imewekwa katika mtoto gani wa meza. Mwarabu akisikia "wanasafirishiana mizigo" atalitambua jiwe lakini hataitambua nyumba. Wale wanaopenda kusema kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika wangeanza kwa kulieleza neno hilo moja.

Tunasema pia kufunga safari, na hapo historia imebaki ndani ya kitendo. Safari ilikuwa ikifungwa kwa kamba. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, masafa ya zaidi ya kilomita 1,000, ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, wa nguo na shanga wakati wa kwenda na wa pembe za ndovu wakati wa kurudi. Bila ya kufunga vizuri hapakuwa na kuondoka. Ndiyo maana hata leo mtu hufunga safari kwa sanduku lenye magurudumu.

Kisha kuna ile safari yenye maana ya mara. "Amekwenda kisimani safari tatu." "Safari hii sitamsamehe." Si vigumu kuona ilivyokuja. Pwani yetu iliishi kwa pepo mbili: kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyoyarudisha. Chombo kilikwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Watu waliohesabu miaka yao kwa vyombo vilivyoingia bandarini haikuwa ajabu wahesabu na mambo yao kwa safari. Linalostaajabisha ni kwamba Waturuki, ambao hawakuishi kwa pepo zetu, wamefika mahali pale pale. Wao huita safari "sefer", na wanapotaka kusema mara hii husema "bu sefer", yaani neno kwa neno, safari hii. Kwa kadiri ya maoni yangu hakuna aliyemfundisha mwenzake. Kila anayekwenda na kurudi mwisho wake huhesabu.

Kwa Waturuki neno lina sura nyingine nzito zaidi. "Sefer" ni safari ya vita pia, na wito wa kukusanya askari wa mwaka 1914 uliitwa "seferberlik". Waarabu wa Sham walilitamka "safar barlik", na likawa jina la miaka yote ile ya njaa na vijana waliochukuliwa wasirudi. Watu wa Madina nao wana safar barlik yao: mji ulipozingirwa kati ya 1916 na 1919, kamanda wa Kituruki Fakhri Pasha aliwatoa wenyeji karibu wote, wengine wakapelekwa Sham kwa treni, na jamaa nyingi hazikuonana tena. Neno ambalo sisi huambatanisha na "njema" au "ya kheri", katika nyumba hizo hutajwa kwa sauti ya chini.

Na msafiri je? Kwa Wahindi na Wapakistani "musafiri" amebaki kuwa aliye njiani, na ambaye aliwahi kukaa katika sinema za Kihindi za Mombasa au Unguja lazima alikutana naye katika nyimbo. Lakini kwa Waturuki "misafir" ni mgeni aliyefika nyumbani, wa kukaribishwa na kuandaliwa chai. Utawala wao ulilipeleka neno hili Ulaya ya mashariki, kiasi kwamba Mgiriki, Mwalbania na Mromania, kila mmoja kwa matamshi yake, humwita mgeni wake msafiri. Ni mtu yule yule. Sisi tulimtazama akiwa barabarani, wao wakamtazama kutoka mlangoni. Wahausa wa Nigeria walichukua njia ya tatu. Kwao "safara" ni kupeleka bidhaa, na siku hizi katika habari hutumika sana kwa biashara ya magendo, hata ya binadamu. Upande wetu, katika Kivu ya Kongo na Rwanda, Safari limekuwa jina la mtu.

Sasa tuone lilivyoingia katika Kiingereza. Mwingereza Richard Burton alifika Unguja Desemba 1856. Huyu si mtu ambaye hakulijua neno: alikuwa amekaa India, na mwaka 1853 alikuwa ameingia Makka kwa kujifanya Mwislamu, kwa hiyo "safar" alilisikia katika Kiarabu na katika Kihindustani muda mrefu kabla ya kuiona pwani yetu. Juni 1857 yeye na John Speke waliondoka pwani, na Februari 1858 wakafika Ujiji. Pamoja nao alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, kisha akarudi. Na lugha waliyoelewana naye ilikuwa Kihindustani. Burton alipochapisha kitabu chake cha safari hiyo mwaka 1860 aliliandika neno kwa maana ya msafara wenyewe, watu na mizigo yao. Na aliliandika "safari". Hapo ndipo unapoonekana muhuri wa forodha. Lau kama Waingereza wangelichukua kutoka kwa Waarabu au Wahindi wangesema safar. Ile i inashuhudia kwamba walilichukua kwetu, kutoka kwa watu waliokuwa wakitembea mbele na nyuma yao.

Kwa miaka mingi baada ya hapo neno katika vitabu vyao lilikuwa bado na watu ndani yake. Aliyeligeuza ni bunduki. Theodore Roosevelt, aliyemaliza urais wa Marekani Machi 1909, alishuka Mombasa mwezi uliofuata pamoja na mwanawe Kermit, akasafiri kwa takriban mwaka mmoja mpaka Khartoum. Nyuma yake walifuata wapagazi zaidi ya 200. Kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe katika kitabu chake cha 1910, yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa 512. Magazeti ya Marekani yaliifuatilia habari hiyo kwa hamu, na matajiri wa Ulaya na Marekani wakataka kufanya kama yeye. Tangu hapo safari ikawa ni kwenda kuwinda; bunduki ilipopitwa na wakati ikaja kamera, wapagazi wakaondoka mahali pao pakakaa gari, na katika maana ya neno akabakia mnyama na anayemtazama. Mwenyeji, akionekana, ni dereva.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita kwa haraka. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Afrika Mashariki kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, nayo yakaitwa Safari. Hayo angalau yalilirudishia neno vumbi na masafa. Mwaka 1966 ikafunguliwa Longleat, hapa Uingereza, mbuga ya kwanza ya aina yake nje ya Afrika ambamo mtu huendesha gari lake katikati ya simba, na tangu wakati huo shule huwapeleka watoto "safari" wakarudi nyumbani saa kumi za jioni. Mwaka 2003 kampuni ya Apple iliipa jina hilo programu yake ya kusomea intaneti, ikaiwekea alama ya dira. Katika wote waliolichukua neno letu, nadhani mchora alama huyo ndiye aliyemkaribia nahodha zaidi.

Lakini kituo cha ajabu zaidi katika mzunguko huu ni Arabuni kwenyewe. Neno limerudi. Waarabu wa Ghuba siku hizi wana "safari" iliyoandikwa kwa alifu baada ya fa na ya mwishoni, kwa maana ya Waingereza: matembezi ya jangwani kwa gari, au bustani ya wanyama kama ile iliyofunguliwa Dubai Desemba 2017. Pembeni yake liko "safar" la tangu zamani, kwa mtu anayekwenda uwanja wa ndege. Mama na mwana wamekaa katika mji mmoja, na wapitao njia hawajui kwamba ni mama na mwana. Mwana alitoka Arabuni kwa jahazi akafika kwetu, akavaa i, akachukuliwa na Mwingereza kwenda London, akarudi Ghuba kwa ndege akiwa mtalii. Waindonesia nao wanao wote wawili: "musafir" aliwafikia pamoja na dini, na "safari" iliwafikia kupitia lugha za Ulaya. Hata hivyo wao wamelipatia neno hili la pili kazi ambayo mwenye kulizaa angeipenda. Viongozi wa serikali wanapozunguka msikiti hadi msikiti katika mwezi mtukufu, ziara hizo huitwa "Safari Ramadhan".

Imebaki maana moja ambayo hakuna mtalii aliyeigusa, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tulio nje. Katika sheria, safari ni hali yenye mwanzo na mwisho. Aliye ndani yake ameruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na kula mchana wa Ramadhani kisha akalipa. Wazee wetu waliposema "msafiri kafiri" hawakumtoa mtu katika dini. Walimaanisha kwamba njiani hulazimika mtu kuacha alizozizoea, na asilaumiwe. Pia walisema "msafiri maskini ajapokuwa sultani". Swali ni: safari huisha lini?

Wengi wa watu wa pwani ni Shafii, na kwao masafa ya kupunguza sala ni marhala mbili, yanayokadiriwa na wengi kuwa kilomita 80 na zaidi kidogo. Safari huanza mtu anapoiacha mipaka ya mji wake. Akifika mahali akiwa amenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekwisha siku ile ile aliyofika. Ikiwa anangojea haja anayotarajia kila siku kuwa itakamilika, kama yule anayezungushwa na ofisi ya viza leo na kesho, hubaki msafiri mpaka siku 18. Ndugu zetu Wahindi na Wapakistani, ambao misikiti mingi ya Uingereza imo mikononi mwao, ni Hanafi, na kwao mpaka ni kunuia siku 15. Ama ndugu zetu Ibadhi wa Oman na wa Unguja, kwao kilomita 12 kutoka mwisho wa mji zinatosha kuifanya safari, na idadi ya siku haiimalizi. Mtu ataendelea kupunguza kwa muda wowote, madhali hakuifanya sehemu ile kuwa watani wake. Kwa hiyo katika nyumba moja ya wapangaji, watu wawili waliotoka mtaa mmoja wa Unguja wanaweza kuwa mmoja anaswali nne na mwenzake anaswali mbili, na kila mmoja ana hoja katika neno lile lile.

Kwa hesabu ya Shafii, basi, wengi wetu hatuko safarini. Tuna mikataba ya nyumba, tuna watoto shuleni, na nia zetu za kurudi "mwakani" zina umri wa miaka 20. Tunajiita wasafiri kwa mazoea ya ulimi. Na watoto wetu waliozaliwa huku wamelifahamu hili kabla yetu. Likizo ya kiangazi inapofika, baba husema "tunarudi nyumbani", na mtoto husema "tunasafiri". Wanapanda ndege moja, wamekaa viti vya pamoja, na kila mmoja amesema kweli kwa Kiswahili sahihi.

Kwa wanaoondoka mwezi ujao: akiwa Shafii, baba na mtoto hupunguza wote wawili tangu wanapoiacha mipaka ya mji wanaoishi, na wanaweza kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi haipunguzwi, ni rakaa tatu popote ilipo. Wakiswali nyuma ya imamu mkaazi katika msikiti wa uwanja wa ndege watatimiza nne pamoja naye. Na wakiwa wanakwenda kukaa wiki sita, rakaa mbili zao zinakwisha pale pale wanapofika, kabla mizigo haijafunguliwa.